Mimea ya shina katika akwariomu: nafasi kati ya shina na shina

Akwariomu ni sanduku la kioo la kufugia samaki nyumbani. Mimea yake mingi ni ya shina: hainunuliwi na mizizi yake, inauzwa katika kifungu cha mashina yaliyofungwa pamoja kwa mpira au kwa pete ya risasi. Ludwigia, Rotala na Hygrophila ni za aina hiyo. Kosa linaanzia hapo: mutu anachomeka kifungu chote ndani ya mchanga kama kilivyo.

Siku za kwanza kinapendeza. Kiisha majani ya chini, yasiyopata mwangaza, yanageuka manjano na kuoza. Maji hayapiti katikati ya mashina, uchafu unakusanyika. Juu kunabaki kijani, chini ni vijiti vitupu.

Inafaa kufungua kifungu na kutenganisha shina moja moja. Kila shina linakatwa kidogo chini ya kifundo, yaani pale jani linapotokea, na majani ya vifundo viwili vya mwisho yanaondolewa. Ni kwenye vifundo hivyo mizizi itaota. Shina linaingizwa kwa mshazari, sentimita 3 au 4 ndani ya mchanga, kwa kibano kirefu ama kwa vidole. Likisimama wima kabisa, linaweza kung'oka na kuelea kwa urahisi, na kazi inaanza upya.

Majani madogo kama ya Rotala yanatosheka na sentimita 2 hivi kati ya shina na shina. Ludwigia inataka 3 au 4. Hygrophila ya majani mapana, hata 5. Mistari ipishane: tatu, nne, kiisha tatu tena, ili hakuna shina linalosimama nyuma ya mwenzake. Mashina kumi ya Ludwigia yakipandwa hivyo yanachukua karibu sentimita 12 kwa upana na 8 kwa kwenda nyuma. Mara ya kwanza yanaonekana machache mno. Ni kuvumilia tu, yataziba.

Marefu yanakaa nyuma, mafupi mbele, na aina moja isichanganywe na nyingine ndani ya kundi moja. Waholanzi, wenye desturi ya zamani ya akwariomu za mimea, wanapanga makundi kama vitalu vya bustani, wakiacha njia kati yake. Njia hizo ni za macho, lakini pia za maji.

Kwa miji ambako umeme unakatika, msongamano ni hatari kwa samaki wenyewe. Usiku mimea haitoi oksijeni. Inavuta ile iliyomo majini, sawasawa na samaki, na majani yanayooza yanaila zaidi. Pompi ikizimika, samaki wanapanda juu kuhema, sana sana karibu na alfajiri. Kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu kunasaidia. Kupunguza mimea mapema kunasaidia zaidi.

Mashina yakifika juu ya maji yanakatwa nusu. Sehemu ya juu inapandwa tena, ya chini inachipua matawi mawili au zaidi, kwa hiyo nafasi iliyoachwa mwanzoni inajaa yenyewe. Baada ya kukatwa mara kadhaa shina la chini linachoka, bora kuling'oa.

Samaki wanahesabika vile vile. Tilapia wengi wanakula mimea, na samaki wadogo wa rangi wa mto Kongo, Phenacogrammus interruptus, wanapenda kudonoa machipukizi laini.

Vipande vilivyokatwa visitupwe ziwani, mtoni wala ndani ya mfereji. Kipande chenye kifundo kimoja kinaweza kuwa mmea mzima. Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, yalisambaa juu ya mto Kongo katika miaka ya 1950 na mpaka leo yanasumbua mitumbwi na nyavu. Vianikwe juani mpaka vikauke kabisa, ama vifukiwe shambani pamoja na mbolea.