Maneno ya Kiarabu katika Biblia Yetu

Wanafunzi wetu wa theolojia hujifunza Kiebrania na Kiyunani, lakini Kiarabu hukiacha, wakikihesabu kuwa mali ya jirani Mwislamu. Historia ya Usambara yatuonya.

Karl Roehl alitumika milimani humu katika Misheni ya Betheli, na sarufi yake ya Kishambaa ilichapishwa mwaka 1911. Baadaye aliitafsiri Biblia kwa Kiswahili; Agano Jipya lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937. Alikusudia kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, ili mtu wa bara aisikie Injili kwa lugha iliyo karibu na yake. Nia hiyo twaiheshimu. Hata hivyo, tafsiri ya Union ya mwaka 1952, iliyoyahifadhi maneno hayo, ndiyo iliyoenea zaidi.

Tuyapime maneno yenyewe. Nabii, roho na sadaka yametufikia kwa njia ya Kiarabu. Lakini Kiebrania nacho kina nabi, ruakh na tsedaka. Ni maneno ya ukoo mmoja. Kwetu sadaka ni kitu kitolewacho ibadani. Kwa Amosi, tsedaka ni haki itiririkayo kama mto, na bila hiyo Bwana azikataa dhabihu.

Basi asomaye Kiarabu chuo kikuu hajaiacha theolojia. Atamwelewa jirani yake, na pengine atamsikia Amosi upya.