Asili ya kitenzi «wonen»

Kitenzi cha Kiholanzi wonen, kinachotumiwa pia na Waflemi wa Ubelgiji, maana yake ni kukaa mahali kama makazi. Kikitazamwa peke yake, mtu angedhani kimezaliwa na nyumba. Ndugu zake washuhudia vingine.

Kiholanzi chenyewe kina gewoon, yaani «-a kawaida», gewoonte, «desturi», na wennen, «kuzoea». Kijerumani kina wohnen, «kukaa», na gewöhnen, «kuzoeza». Katika Kiingereza cha kale, wunian ilibeba maana zote mbili, kukaa na kuzoea. Kiingereza cha leo kimepoteza ile ya kwanza, kikabaki na wont, «desturi». Katika Kiskandinavia cha kale, una ilimaanisha kuridhika. Mzizi ambao wanaisimu wameujenga upya ni *wen-, «kutamani, kupenda», nao wamo pia katika jina la Kilatini Venus. Basi maana ilisafiri hivi: kupenda, kuridhika, kuzoea, ndipo kukaa.

Kibantu kilipita njia nyingine. Kukaa ya Kiswahili sanifu na kuikala ya Lubumbashi zatoka katika mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kuketi. Huku mwanzo ni mwili uliotulia; kule ni moyo ulioridhika.

Hata hivyo, asili si hukumu. Mholanzi asemaye ik woon hatangazi furaha yake, ataja makazi yake tu. Asiyetenga historia ya neno na maana yake ya leo huyapotosha yote mawili.