Maji Meusi ya Mgololo: Ukolezi wa Mmumunyo katika Historia ya Kiwanda cha Karatasi cha Kusini

Historia ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mikopo, siasa ya mashirika ya umma na hatimaye ubinafsishaji. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini yanapita kando ya jambo ambalo mwanafunzi wa sekondari hulikuta mapema katika somo la kemia: dutu iliyoyeyuka katika maji haijapotea, ila kuirudisha kunadai moto. Kiwanda cha aina hii huishi kwa kuirudisha. Kikishindwa, hesabu za fedha hufuata.

Wazo la kutengeneza karatasi katika Nyanda za Juu Kusini lilikomaa katika miaka ya 1970. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, na mahitaji ya daftari na vitabu yaliongezeka kwa kasi. Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa mwaka 1975 ulilenga kutumia malighafi za nchini kwa mahitaji ya nchini. Mufindi ilikuwa na vyote vilivyohitajika: misindano ya Sao Hill iliyokuwa ikipandwa kwa eneo kubwa, mito isiyokauka, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Benki ya Dunia, Sweden na Ujerumani Magharibi zilikuwa miongoni mwa waliogharamia ujenzi. Uzalishaji ulianza mwaka 1985, huku kiwanda kikikusudiwa kutoa takriban tani 60,000 kwa mwaka.

Njia iliyochaguliwa ni ile ya krafti, iliyotokana na kazi ya Carl F. Dahl huko Danzig mnamo 1879. Vipande vya mti hupikwa kwa joto na shinikizo ndani ya mmumunyo wa hidroksidi ya sodiamu na salfidi ya sodiamu, unaoitwa maji meupe. Nyuzi za mti haziyeyuki kwa urahisi, lakini lignini, ile gundi inayozishikanisha, hugeuka na kuingia katika mmumunyo. Pishi likiisha, nyuzi huoshwa ili kupata rojo ya karatasi, na maji yanayobaki huwa meusi kama kahawa nzito. Takriban nusu ya uzito wa mti imo humo, pamoja na karibu sodiamu yote iliyotumika.

Hapa ndipo ukolezi unapoanza kutawala. Maji meusi yatokayo kwenye uoshaji huwa na yabisi takriban asilimia 15 tu kwa uzito, na katika hali hiyo hayawaki. Ili yachomwe katika tanuri la urejeshaji hukolezwa hadi asilimia 65 au zaidi. Hesabu yake ni ya ubaoni. Tani moja ya yabisi katika ukolezi wa asilimia 15 imebebwa na tani 5.67 za maji; katika asilimia 65 imebebwa na tani 0.54. Tani tano na ushei za maji lazima zivukizwe. Kwa kuwa kila tani ya rojo huzaa takriban tani moja na nusu ya yabisi, kila tani hiyo hudai kuvukizwa kwa karibu tani nane za maji. Mitambo hupunguza gharama kwa kuupitisha mvuke katika vyombo kadhaa mfululizo, mvuke wa chombo kimoja ukichemsha kinachofuata. Hata hivyo, anayeosha rojo kwa maji mengi kupita kiasi huongeza gharama ya moto, na anayeosha kwa maji machache huiacha sodiamu iondoke pamoja na rojo.

Ugumu huu haukuwa mgeni katika ukanda huo. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichunguza mabaki ya utengenezaji wa chumvi wa karne ya 13 hadi ya 15. Palipo na maji ya chumvi yanayochemshwa kwa kuni, maji hafifu hula kuni nyingi kwa chumvi kidogo, na kanuni hiyo haikubadilika chungu kilipogeuka kuwa mtambo wa chuma.

Tanuri la urejeshaji lina hatari yake. Ndani yake chumvi za sodiamu hukusanyika chini zikiwa zimeyeyuka kwa joto, na maji meusi yasiyokolea vya kutosha yakiingia yanaweza kusababisha mlipuko. Kwa sababu hiyo kipimo cha ukolezi mahali pa namna hiyo ni suala la uhai wa watu wa zamu. Chumvi hizo, hasa kaboneti na salfidi ya sodiamu, huyeyushwa katika maji, na mmumunyo unaopatikana huwa na rangi ya kijani. Kisha huongezwa chokaa. Lita moja ya maji ya nyuzijoto 20 huweza kuyeyusha zaidi ya gramu 200 za kaboneti ya sodiamu. Kaboneti ya kalisi haifiki hata gramu moja. Kwa tofauti hiyo ya umumunyifu, kaboneti hutuama chini ikiwa na kalisi, hidroksidi ya sodiamu hubaki juu, na maji meupe huwa yamezaliwa upya. Mashapo nayo huchomwa yakawa chokaa tena.

Mzunguko huo ukienda mfululizo, kiwanda hununua kemikali kidogo tu za kufidia kinachopotea, na maji meusi hutoa sehemu kubwa ya mvuke unaohitajika. Ukikatika, hasara huja kutoka pande mbili: mafuta ya kuwashia upya, na sodiamu iliyopotea. Kiwanda cha Mgololo hakikufikia kiwango kilichokusudiwa, na kilianza kazi wakati mbaya. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikashuka: dola moja ya Marekani, iliyokuwa takriban shilingi 17 mwaka 1985, ilikaribia 190 mwishoni mwa 1989. Madeni ya nje yalivimba kwa shilingi, na vipuri na kemikali za kuagiza vilipanda bei vivyo hivyo. Wakati huohuo soko lilifunguliwa kwa karatasi za nje. Lawama zote kutupiwa uendeshaji wa umma, kama ilivyozoeleka, ni kurahisisha mno. Mtambo uliobuniwa kuzunguka bila kusimama uliwekwa ndani ya uchumi uliokuwa ukisimama mara kwa mara.

Kisichorejeshwa huenda mtoni. Maji ya Mufindi ni ya bonde la Rufiji, na lignini hata kwa ukolezi mdogo hubadili rangi ya maji, huku mabaki mengine yakitumia oksijeni ambayo samaki huihitaji. Ni kosa kudhani kwamba kuzimua uchafu ni kuuondoa: ujazo wa maji huongezeka, gramu hubaki zilezile.

Katika miaka ya 1990 uzalishaji ulisimama, na kiwanda kikaingia katika orodha ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Mwaka 2004 kilichukuliwa na kundi la Rai la Kenya na kuitwa Mufindi Paper Mills, kikielekea zaidi kwenye karatasi za krafti za kufungashia, zikiwemo za mifuko ya saruji, badala ya karatasi za daftari zilizokuwa hoja ya mwanzo. Kiwanda cha Webuye nchini Kenya, kilichoanza mwaka 1974 kwa njia ileile kando ya mto Nzoia, kilifungwa mwaka 2009 na kikaangukia mikononi mwa kundi hilohilo mwaka 2016.