Padri Mapera na Lugha Aliyofika Nayo

Mwaka jana, katika darasa langu la kidato cha pili hapa Bugolobi, niliandika ubaoni sentensi hii: "Mapera alifika Buganda mwaka 1879." Darasa zima likaangua kicheko. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono na kunisahihisha kwa upole: "Mwalimu, ni 'yalifika'. Mapera ni matunda, yako katika ngeli ya LI-YA." Sikumlaumu. Katika Kiswahili mapera ni matunda, na hata katika Kiganda *amapeera* ni matunda yaleyale. Lakini Mapera wangu alikuwa mtu, tena padri, na jina hilo hakuzaliwa nalo.

Aliitwa Siméon Lourdel. Alizaliwa tarehe 20 Desemba 1853 huko Dury, kaskazini mwa Ufaransa, akapata upadrisho mwaka 1877. Alikuwa mwanashirika wa Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali. Watu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao nyeupe, vazi lililofuata mtindo wa Waarabu wa Algeria. Hawakuwa watawa wa aina ya Wafransisko, ambao leo wanatunza kituo cha hija cha Munyonyo. Hata hivyo waliishi pamoja, wakavaa rozari shingoni, na wakaagizwa na Lavigerie kujifunza lugha ya watu waliotumwa kwao. Wenzake walipomwita kwa Kifaransa *mon père*, yaani "baba yangu", Waganda walisikia "Mapera", na jina likakaa. Nalo neno letu "padri" lina asili ya Kireno, na maana yake ni hiyohiyo, baba. Basi anayesema "Padri Mapera" anasema "baba" mara mbili bila kujua.

Msafara wao uliondoka Ufaransa mwaka 1878, ukapitia Zanzibar na Bagamoyo, kisha ukashika njia ya wapagazi kuelekea bara. Kutoka kusini mwa Ziwa Nyanza, Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi kumwomba Kabaka Mutesa ruhusa ya kuingia. Walitua Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Wenzao walifuata miezi kadhaa baadaye.

Hapa ndipo ninapotaka mwanafunzi atue kidogo. Mfaransa huyu alizungumza na Kabaka wa Buganda kwa lugha gani? Kiganda alikuwa hajakijua. Kifaransa hakuna aliyekielewa. Lugha iliyokuwapo tayari pale ikuluni ni Kiswahili. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekileta miaka mingi kabla, na Mutesa mwenyewe alikijua. Mwaka 1875 Stanley alipopita Buganda alimwacha huko kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na Wamisionari wa Kianglikana Zanzibar, akawa msomaji na mwandishi wa Kabaka. Alexander Mackay, Mskoti aliyemtangulia Lourdel kwa miezi michache, alisoma Injili mbele ya Mutesa kutoka tafsiri ya Kiswahili ya Askofu Steere.

Siku moja mwaka huohuo wa 1879, Lourdel alikataa kushiriki katika sala ya Waprotestanti mbele ya Kabaka, na mabishano makali yakazuka kati yake na Mackay. Mackay aliacha maelezo kwamba Mfaransa huyo alipopandwa na hasira alichanganya Kiarabu kibovu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa. Ni maneno ya mpinzani, kwa hiyo tuyapokee kwa tahadhari. Lakini mimi ninayesahihisha insha kila juma nayaamini bila shida, na nayapenda. Mtu aliyefika jana, ana jambo zito la kusema, na maneno hayamtoshi: huyo ni mwanafunzi wa lugha.

Alijifunza. Yeye na wenzake walifundisha katekisimu, walitibu wagonjwa na kuwakomboa watoto waliouzwa utumwani, na Jumamosi Kuu, tarehe 27 Machi 1880, wakawabatiza Waganda wa kwanza wanne. Kiswahili kilikuwa mlango. Kiganda kikawa nyumba. Mwenzake Livinhac alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiganda mwaka 1885. Lakini kizingiti cha mlango kilibaki. Sikiliza Kiganda cha kanisani leo: *eddiini*, *essaala*, *ekitabo*, *malayika*, *ssaddaaka*. Mengi ya maneno hayo yana mizizi ya Kiarabu, nayo yalifika Buganda kwa njia ya Kiswahili. Waumini wa kwanza, Wakatoliki kwa Waprotestanti, waliitwa wasomaji, na hadi leo katika Kiganda *okusoma* ni kusoma na pia ni kwenda kanisani kusali.

Mwezi Novemba 1882 mapadri waliondoka Buganda kwa kuhofia usalama wao, wakahamia Bukumbi, kusini mwa ziwa. Waliporudi Julai 1885, Mutesa alikwisha kufa na mwanawe Mwanga alikuwa Kabaka. Walikuta waumini wameongezeka. Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wameendelea kufundisha bila padri hata mmoja. Jambo hili vitabu vyetu vya shule hulipita haraka mno.

Yosefu Mukasa aliuawa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, baada ya kumkemea Mwanga kwa mauaji ya Askofu Hannington. Wanafunzi wangu huvuka mfereji wa Nakivubo wakiziba pua. Maji hayo hutoka upande ule wa mji, yakapita hapa chini yetu Bugolobi, yakaingia ziwani.

Tarehe 26 Mei 1886 Mapera alikwenda kwa miguu hadi Munyonyo kuwaombea vijana waliokamatwa. Hakupewa nafasi ya kuonana na Kabaka. Alibaki nje akawaona wanapitishwa wamefungwa kamba, vijana aliowafundisha mwenyewe, na hakuruhusiwa kusema nao hata neno moja. Mtu aliyehangaika miaka saba kutafuta maneno, siku hiyo maneno anayo, na hayana kazi. Tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo.

Sitaki kumchora Mapera kama malaika. Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888 na kuanza kupigania kiti chake, Mapera aliingia katika siasa hizo waziwazi. Mapema mwaka 1890 alimsaidia Mjerumani Carl Peters kupata saini ya Mwanga katika mkataba ambao haukuishi hata nusu mwaka, kwani mwezi Julai Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo bila kumuuliza Mwanga. Mgawanyiko kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, ambao uliitesa siasa ya Uganda kwa vizazi, una alama za vidole vyake na vya Mackay pia. Hakuyaona matunda yake. Alifariki Rubaga kwa homa tarehe 12 Mei 1890, akiwa na umri wa miaka 36, karibu rika langu.

Kwa nini mwalimu wa Kiswahili aandike haya? Kwa sababu kila mwaka mzazi mmoja huniambia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na majambazi. Namwelewa. Kizazi chake kilikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa watu wenye bunduki. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hakukipa sifa njema machoni pa Waganda wengi. Tangu mwaka 2005 Katiba yetu inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria haifuti kumbukumbu ya mtu. Ninachomwomba mzazi huyo ni kwamba kumbukumbu isianzie 1971. Miaka karibu mia moja kabla ya hapo, katika nchi hiihii, lugha hii ilisomwa ikuluni mbele ya Kabaka, na wageni waliitumia kujadili habari za Mungu.

Nikarudi kwenye ubao siku ile. Nikamwomba yule mwanafunzi aliyenisahihisha aje mwenyewe aandike sentensi mbili, kila moja na upatanisho wake. Akafikiri, kisha akaandika: "Mapera alifika Kigungu. Mapera yalifika sokoni." Zote mbili nikazitia alama ya vema.