Simu ikipotea, anza na laini

Simu ikipotea shambani, mnadani au kwenye basi, wengi huanza kuitafuta. Sisi tunashauri uanze na laini, maana ndiyo inayobeba pesa na jina lako.

Piga namba yako kwa simu ya jirani. Mwokotaji mwema atapokea. Ikiwa imezimwa, usisubiri kesho. Hapa Tanzania piga 100 kwa simu ya mtandao uleule, uombe laini na akaunti ya pesa vifungwe. Waambie ndugu wasitume hela hata wakiombwa kwa namba yako. Kisha nenda kwa wakala wa mtandao na namba yako ya NIDA. Ukiweka kidole, utapewa laini mpya yenye namba ileile, na salio lako.

Sasa itafute simu. Toa taarifa kituo cha polisi ukiwa na namba ya IMEI. Ina tarakimu 15, na kila simu ina yake, hata kitochi. Mwizi akiweka laini nyingine, IMEI haibadiliki kwa sababu hiyo, na polisi wakishirikiana na mtandao wanaweza kujua laini iliyowekwa. Anayekuomba pesa kwa simu ili "akuonyeshe simu ilipo", mwogope.

Boksi likishatupwa, wengi hawaijui IMEI yao. Kwa hiyo leo, simu ikiwa bado mkononi, bonyeza *#06#. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Ziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.