Sam Ntiro, mchoraji wa vihamba

Mwaka 1960 jumba la sanaa la Museum of Modern Art, New York, lilinunua picha ndogo ya rangi ya mafuta, upana wake sentimita 51 tu. Picha hiyo inahusu wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Aliyeichora, mwaka 1956, ni Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha sanaa Makerere.

Kwa mtazamaji wa New York hilo lilikuwa tukio la kupendeza kutoka mbali. Mchagga alisoma humo mambo mengi zaidi. Pombe hiyo, mbege, haipikwi kwa siku moja. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke, ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha vyote viwili huunganishwa, na ladha hukamilishwa na gome chungu la msesewe. Hatua za posa na ndoa zilikuwa na pombe zake, na pombe hiyo ilitoka katika mikono ya watu wengi wa ukoo. Wanaume wale wa usiku wamebeba ahadi ya nyumba moja kwa nyumba nyingine.

Ntiro aliyajua haya kwa undani, na hakuyaweka kwenye turubai peke yake. Mwaka 1953, alipokuwa mwanafunzi London, kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga, kilichapishwa Nairobi. Kwangu mimi kitabu hicho ndicho ufunguo wa picha zake. Kijana yuko ng'ambo, anajifunza uchoraji katika mojawapo ya shule mashuhuri za Uingereza, na wakati huohuo anaandika mambo ya kwao ili yasipotee. Kalamu na brashi zilichota maji kwenye mfereji mmoja.

Alizaliwa mwaka 1923. Alikua katika nchi ya migomba na kahawa, ambako familia huishi ndani ya kihamba chake, yaani shamba la ukoo, na maji hushushwa kutoka mlimani kwa mifereji iliyochimbwa na kutunzwa na watu wa mtaa kwa pamoja. Mwaka 1933, akiwa bado mtoto, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha ushirika, KNCU. Kufanya kazi kwa pamoja hakukuwa hadithi ya zamani kwake. Alikuona kila msimu.

Miaka ya 1940 alikwenda Makerere na kumkuta Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa ameanzisha madarasa ya sanaa Kampala muongo mmoja nyuma. Trowell hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia tukio, labda soko au kisa cha Biblia, kisha akawaacha kila mmoja alione kwa macho ya nyumbani kwake na kulichora. Yapo ya kumlaumu, maana aliamini mno kwamba Mwafrika alindwe asiguswe na sanaa ya nje. Lakini kwa kijana aliyelelewa kwa masimulizi, njia hiyo ilifungua mlango. Ntiro hakuuacha tena.

Jaribio kubwa lilikuwa Slade, shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha London, alikosoma kuanzia 1952 hadi 1955. Mkuu wa shule hiyo alikuwa William Coldstream, mchoraji aliyejulikana kwa kupima. Alimweka mtu mbele yake, akapima kwa jicho umbali wa kila kiungo, akaacha alama ndogondogo kwenye turubai. Ni vigumu kufikiria njia iliyo mbali zaidi na ya Ntiro, ambaye aliumba picha kutoka kichwani. Alimaliza masomo na kurudi Makerere, akaendelea kuchora watu wadogo wanaofanana, wakivuna, wakichunga na kujenga, na mlima nyuma yao. Wapo wahakiki waliosema michoro hiyo ni ya kitoto. Siafikiani nao hata kidogo. Mtu aliyeonyeshwa njia ya Slade kwa miaka mitatu na bado akachora hivyo, alichora hivyo kwa kuchagua. Nyuso hazikuwa shabaha yake. Alitaka ionekane kazi yenyewe, jinsi mikono mingi inavyokwenda kwa mwendo mmoja.

Mwaka 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha wa Uganda, mhitimu wa Oxford na mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Mwaka huohuo Trowell aliondoka Makerere. Aliyempokea, Cecil Todd, alileta mkazo mpya juu ya mbinu na historia ya sanaa ya Ulaya. Muda si mrefu Ntiro naye akaitwa na taifa. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, alitumwa London kuwa Balozi wake wa kwanza nchini Uingereza, kazi aliyoifanya hadi 1964. Mji aliouingia kama mwanafunzi kutoka koloni, akauingia tena akiwakilisha nchi huru.

Aliporudi nyumbani alisimamia utamaduni serikalini, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, viongozi walihimiza watu walime na kujenga pamoja. Ntiro alikuwa amekwisha kuchora hayo miaka mingi kabla hayajawa sera. Alifariki mwaka 1993.

Kazi zake nyingine zimefika mbali kwa njia ya ajabu. Kuanzia miaka ya 1960 mwandishi Naomi Mitchison alisaidia kukusanya picha kwa ajili ya shule za Argyll, huko Scotland, ili watoto wa vijijini waishi na sanaa kuanzia utotoni. Miongoni mwa picha hizo alinunua za wachoraji wa Afrika Mashariki, Ntiro akiwamo. Hivyo wako Waskoti waliokua na Kilimanjaro ukutani mwa shule yao. Natamani shule za Machame zipate angalau nakala nzuri, na chini yake liandikwe jina la kijiji alichotoka mchoraji.