Keezo, Keke na Mashine Izaayo Mashine

Chombo cha kuchongea mti kwa kuuzungusha huitwa keezo, na kazi yake kukereza. Maneno hayo yamo katika kamusi ya Frederick Johnson iliyochapwa mwaka 1939, na hata wakati huo hayakuwa mageni kwa mtu wa pwani. Miguu ya vitanda vya kale vya Lamu na Siyu, iliyokerezwa mafundo mafundo na kutiwa rangi, yatosha kuwa ushahidi.

Keezo la namna hiyo fundi alijiundia. Alisimamisha vigingi viwili vyenye ncha za chuma, akaukaza mti baina yao, akauzungushia kamba ya uta. Mkono mmoja ulivuta na kusukuma uta, wa pili ukashika patasi. Kwa kuwa mti ulikwenda mbele kisha ukarudi nyuma, patasi ilikata katika mzunguko wa mbele tu. Wa kurudi ukawa pumziko. Aliyezoea kutunga mashairi hawezi kuacha kusikia mizani humo.

Ndugu yake keezo ni keke, chombo cha kutobolea. Chuma kikatacho ni kekee. Mti kilimochomekwa ni msukano. Kishikio unamozungukia msukano huo ni jivu. Na kiuendeshacho ni uta. Kila sehemu ina jina lake, na zote fundi aliweza kuzichonga mwenyewe, isipokuwa kekee iliyofuliwa na mhunzi.

Lakini mhunzi naye nyundo yake ilitoka wapi? Bara, wengi walianza na jiwe: jiwe likawa fuawe, jiwe likawa nyundo, hata ikafuliwa nyundo ya chuma. Wafipa nao walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyojivutia upepo kwa matundu ya chini pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, kikasafishwa katika tanuru dogo ambalo sasa lilipulizwa kwa mivukuto.

Swali hilohilo la nyundo ya kwanza liliwakabili mafundi wa Uingereza. Henry Maudslay, mzaliwa wa Woolwich, yapata mwaka 1800 aliunda keezo la chuma ambalo kikatio chake hakikushikwa kwa mkono, bali kilibebwa na kigari kilichosukumwa na parafujo ndefu. Kwa chombo hicho parafujo njema ilizaa parafujo iliyo njema zaidi. Tena palihitajiwa uso wa chuma ulionyooka kabisa, ilhali hapakuwa na mashine ya kuunyoosha. Joseph Whitworth, aliyepata kuwa fundi katika karakana ya Maudslay, alieleza njia yake mbele ya wataalamu mwaka 1840. Sahani mbili zaweza kulingana na bado zikakosea, moja ikiwa na bonde na ya pili mgongo. Zikiwa tatu, kila moja ikapakwa rangi, ikapimwa kwa wenzake na kukwaruzwa palipoinuka, haziwezi kulingana zote ila zimenyooka kweli. Usahihi ule ulitoka katika kikwaruzo, rangi na subira.

Katika miaka ya 1980 Mmarekani David Gingery aliirudia njia hiyo kwa watu wa kipato kidogo. Vitabu vyake vyaanza na tanuru la mkaa la kuyeyushia alumini chakavu na kuimimina katika mchanga. Kisha hufuata keezo la chuma, ambalo kabla halijakamilika hutumiwa kutoboa sehemu zake lenyewe. Msomaji ataona kuwa hatua ya kwanza si ngeni kwetu. Mafundi wa jua kali wa Kenya na wenzao wa Tanzania huyeyusha alumini kuukuu wakapata sufuria. Tofauti ni kwamba huko kilichomiminwa ni kiungo cha mashine.

Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973, na tangu hapo limeandikwa mengi juu ya mashine za kununua. Machache mno yameandikwa juu ya mashine za kujiundia, na kijana wa karakana aitajaye kila kifaa kwa jina la kigeni hajapata kuambiwa msukano ni nini. Haidhuru akijifunza ya Maudslay. Nami napenda ajifunze. Ila aanze na waunda majahazi, ambao hata mwishoni mwa karne ya 20 walikuwa bado wakitoboa mbao kwa keke kabla ya kupigilia msumari, ubao usije ukapasuka.